Hema Uani kwa Wifi

Gumbo, Juba
2 Machi 2014

Kwako wifi Zilpah,

Kwanza nisamehe kwa kukawia hivi. Tangu Desemba hadi leo ni kimya kirefu kwa mtu ambaye wifi yake ndiye aliyembebea mtoto. Barua nilizianza, si moja, nikazichana. Zilikuwa na maneno ambayo wifi hamwandikii wifi mwenzake, na karatasi siku hizi huku ni shida, kwa hiyo nikaona afadhali ninyamaze mpaka moyo ushuke. Umeshuka kidogo. Chini kabisa haujafika.

Hujambo? Kifua chako kimepona? Nairobi mvua zimeanza? Na Pearl, anakula? Bado anaogopa maji ya kichwani? Sisi huku tuko tunasukuma siku. Mguu wa ndugu yako Ronald unaunga polepole. Plasta imetolewa, anatembea na magongo, na akichoka anakasirikia magongo badala ya kunikasirikia mimi, jambo ambalo nashukuru. Anasema nikusalimu sana na nikwambie ametamani pilau yako. Nimeandika kama alivyosema.

Nyumba yako iko salama. Kila Jumamosi nafungua madirisha, napangusa vumbi, nafunga. Kitanda chako sijakigusa. Tunalala hemani, palepale kati ya tangi la maji na mlimau, kwa sababu nyumba ni ya benki na ulituambia benki haitaki familia ndani. Virginia wa ofisini kwenu akija kukagua anatukuta mahali petu. Najua utasema, Kawira naye, si ungelala tu ndani, nani angejua. Ulipokuwa hapa hukusema hivyo.

Lakini sikuanza barua hii ili nilalamike juu ya hema. Mwaka ule wa uhuru tulipokuja, mimi na tumbo langu na Ronald na begi moja, watu walikuwa wanapanga vyumba Juba hii kwa bei ya nyumba nzima Nairobi. Wewe ulituonyesha ile nafasi ukasema tukae bila kodi mpaka tupate pesa ya lori letu wenyewe. Tulishukuru na bado nashukuru. Pearl alizaliwa bendera mpya ikipandishwa, nesi akitaka tumwite Uhuru, ukakataa wewe kabla sijakataa mimi. Tulicheka sana. Halafu ikaja mvua ya kwanza kubwa. Ulisimama mlangoni na kanga mkononi ukatuambia, "Nyinyi ni watu wazima, mtalowa na mtakauka. Nipe mtoto." Nikakupa. Tangu siku hiyo wingu likionekana tu ulikuja na ile kanga. Baadaye ukawa unakuja hata bila wingu.

Sasa ile siku ya kuondoka, vita vilipoanza Desemba. Benki ilisema ndege ni ya wafanyakazi na watoto wao tu. Ronald yuko Nesitu, lori la tajiri wake limepinduka akikimbia milio ya bunduki, mguu umevunjika, singeweza kumwacha. Tukakubaliana mimi na wewe kwamba Pearl aandikwe ni wako. Hilo unalijua. Usilolijua ni kwamba wewe ukifunga mizigo, mimi nilikaa naye chini ya mlimau na karanga kwenye leso. Nikamwuliza, "Mama yako nani?" Akanionyesha mimi. Nikasema hapana. Nikamwuliza tena, akaja kunikumbatia, alidhani ni mchezo. Nikamsukuma kidogo kwa mkono. Kila aliponitaja mimi hapati kitu. Saa ile aliposema "Mama Zilpah", nikamwekea karanga kiganjani. Tukarudia. Mtoto wangu ana akili. Gari la benki linapiga honi, yeye alikuwa anajibu kabla sijamaliza kuuliza, na kiganja kiko wazi.

Pale uwanja wa ndege askari alimwuliza kweli. Niliwaona kupitia waya. Akajibu vizuri, akafungua kiganja, na mimi nilikuwa mbali, sikuweza kumpa.

Kwa hiyo naomba jambo moja. Mwambie ule mchezo umekwisha. Mwambie mama yake ni mimi na niko Juba na nakuja. Na nikipiga simu mpe aongee. Nikipiga hushiki, na ukishika unasema amelala. Mtoto gani analala mchana kutwa?

Barua hii naipa Apollo, yule Mganda wa basi la Kampala. Yeye atampa mwenzake wa basi la Nairobi. Ukijibu pitishia kwake. Nitumie na picha.

Wifi yako,
Kawira, Mama Pearl


Umoja, Nairobi
23 Machi 2014

Mpendwa wifi Kawira,

Nimepokea barua yako jana, imekunjwa hadi imekuwa ndogo kama tiketi, lakini imefika. Namshukuru Mungu mko hai. Mimi sijambo, kifua kinanisumbua asubuhi tu. Pearl hajambo kabisa. Amenenepa, ukimwona utadhani ni wa jirani. Maji ya kichwani hayaogopi tena, siku hizi anajimwagia mwenyewe.

Kuhusu simu, usinione mbaya. Ulipopiga mara ya kwanza alilia mpaka akatapika. Kesho yake akakaa mlangoni ameshika viatu vyake, hataki kula, hataki kuguswa. Ulipopiga tena ikawa vilevile, hadi mwenye nyumba akapanda kuuliza kama nampiga. Nikaona nimpumzishe. Tangu niache kumpa simu amekaa vizuri. Ni kwa ajili yake, si yangu.

Kuhusu kumweleza nani ni nani, nitamweleza, ila si sasa. Ameanza nasari hapa karibu. Saa sita wenzake wanachukuliwa na mama zao, naye anachukuliwa na mimi, anakuja mbio na kimkoba chake. Ukiwa mimi ungemsimamisha pale getini uanze kumpa historia? Acha azoee kwanza.

Nakutumia shuka mbili, dawa ya maumivu ya Ronald, majani ya chai, sabuni, na picha tuliyopiga studio Jumapili baada ya kanisa. Utaona alivyopendeza. Kuna mchele kwenye debe jikoni kwangu, nilisahau kukwambia. Kama wadudu hawajaumaliza, chukueni. Na ule ua wa mlangoni usiache kuumwagilia, tafadhali.

Msalimie ndugu yangu. Mwambie pilau ipo, aje.

Wifi yako,
Zilpah


Gumbo, Juba
20 Aprili 2014

Wifi Zilpah,

Salamu za Pasaka. Natumaini mlienda kanisani na mlikula vizuri. Sisi hatujambo, Ronald ameacha gongo moja. Vitu vimefika vyote, asante. Mchele ulikuwa na wadudu, nimeuchagua, tumekula.

Picha nimeipata. Kwanza nilitazama gauni, halafu soksi nyeupe, halafu nywele zilivyosukwa, nikawa nacheka peke yangu kama mwendawazimu. Halafu nikaona masikio.

Umemtoboa masikio na hukuniuliza.

Mama yangu kule Nkubu ndiye aliyetutoboa sisi sote, mimi na dada zangu, kwa mwiba wa mlimau na uzi mweusi, tumekaa kwenye mapaja yake. Nilimwahidi kwamba Pearl pia atamtoboa yeye. Ule mlimau wa uani kwako, nikianika nguo nilikuwa naangalia miiba yake, nachagua. Nilijua siku tutakayoenda nyumbani nitavunja mmoja nimpelekee. Wewe hukujua hayo. Ungeuliza ungejua.

Nilikuwa nimeichukua ile picha kwenda kumringia Tisa, yule jirani anayeuza chai barabarani. Akaifuta mikono kwanza, akaitazama, akauliza, "Biniya de ta munu?" Mtoto huyu ni wa nani. Nikamwambia si Pearl huyo, mwizi wako wa sukari. Akacheka, akasema, "Huyu sasa ni wa Zilpah. Tazama tu anavyoshika mkoba." Alikuwa ananitania, Tisa hana ubaya. Lakini chai yangu niliiacha pale, nikarudi hemani.

Wifi, nina wivu. Naliandika neno lenyewe ili tusizungukane. Nilikuwa na wivu wa feni yako na wa jokofu lako. Nilikuwa na wivu wa ile sahani uliyomfunikia Ronald kila alipotoka safari, akala kwako na kunawa kabla hajaja kuniona, halafu anafika hemani ameshiba ananiuliza nimepika nini, na sufuria iko mbele yake. Huo wote niliumeza. Huu wa Pearl haumezeki.

Ninachotaka ni kidogo. Usimfanye kitu kingine mwilini mwake bila kuniuliza. Nywele usikate. Na shule zikifungwa Agosti mlete Nimule, mimi nitakuwa nimesimama mpakani nimchukue. Sijasema hukumtunza. Umemtunza, hata kipofu angeona. Nasema ni wangu.

Mama Pearl


Umoja, Nairobi
8 Juni 2014

Kawira,

Salamu. Natumaini barua hii inakukuta mzima, maana redio inasema kipindupindu kiko Juba, na Gumbo ndiyo imetajwa. Chemsheni maji. Ya kwenye malori ya maji msinywe hivyohivyo hata yakionekana meupe. Hilo nimekwambia kama dada.

Masikio, samahani. Ningeuliza. Hakulia hata kidogo, kama hilo linakusaidia.

Lakini kumleta Nimule, hapana. Ronald alinipigia simu wiki iliyopita. Najua hakukwambia. Alisema mvua imelaza upande mzima wa hema, mnalala juu ya makreti ya soda, na mtu wa nyumba ya tatu amefariki kwa kuhara. Nikamwuliza, mtoto unataka aje alale hapo? Nikamwambia bima ya benki inaweza kumtibu Pearl mpaka awe mtu mzima, lakini lazima awe wangu kwa karatasi, kwa jina langu, si kwa ndege tu. Akasema, "Fanya unavyoona, dada." Hayo ni maneno ya baba yake. Pearl ni damu ya nyumba yetu, na kwetu shangazi si mtu wa kando.

Umeandika habari za wivu. Basi na mimi niandike zangu. Unadhani nilikuwa mle ndani na feni nikistarehe. Nilikuwa nakula peke yangu, Kawira, na redio nimeizima. Nilikuwa naizima kwa sababu turubai halizuii sauti. Ronald akirudi safari mlikuwa mnacheka, nyote watatu, mpaka yule mdogo anapaliwa. Sijui mlicheka nini. Labda kuku ameingia, labda kitanda kimevunjika. Nilikuwa naweka kijiko chini nisikilize. Mimi mimba zimenitoka, mume akaondoka kwa sababu hiyo, na mle ndani hapakuwa na mtu wa kunichekesha. Unasema nilikuja na kanga hata bila wingu. Ni kweli. Ningekuja kwa njia gani nyingine? Nani angenikaribisha hemani? Hukunikaribisha hata siku moja, kwenye ua wangu mwenyewe.

Na ile sahani ya Ronald, alikuwa ndugu yangu kabla hajawa mume wako.

Wewe bado kijana. Utazaa wengine. Mimi niliyeletewa ni huyu, na ni wewe mwenyewe uliyemfundisha kuniita mama. Fomu zinapelekwa mwezi wa nane. Nimekwambia mapema usije ukasema nimekuibia.

Mama mkubwa wa Pearl,
Zilpah


Umoja, Nairobi
24 Agosti 2014

Mpendwa wifi Kawira,

Uko wapi? Hujambo? Ronald hajambo? Tangu Juni sijapata hata mstari mmoja. Simu ya Ronald haiingii. Nimemwomba Apollo apite Gumbo, amepita, akarudi na habari ambazo zimeninyima raha. Anasema hema halipo. Anasema nyuma ya tangi pamebaki mraba wa udongo mweupe tu, na mlimau. Funguo za nyumba ulimwachia Virginia bila kusema unaenda wapi. Tisa naye alimwambia Apollo kwamba hajui, lakini Apollo anasema alisema huku anatazama pembeni.

Kama umenikasirikia, sawa, kasirika, lakini nijue uko hai. Kama ni ugonjwa, mtu yeyote aniandikie. Tangu habari hiyo ifike nimekuwa nikisimama jikoni nimeshika sufuria bila kujua nilitaka kupika nini.

Kuna jambo lazima nikwambie. Nilienda na Pearl kwenye ofisi ya bima. Yule karani, dada mmoja mpole, akamwinamia akamwuliza, "Na mama yako ni nani?" Akajibu vizuri, kama siku zote, "Mama Zilpah." Halafu akafungua kiganja. Karani akacheka, akatoa pipi kwenye mtoto wa meza akampa. Pearl akaitazama ile pipi, akairudisha mezani, akafungua kiganja tena. Akabaki hivyo, mkono hewani, anamtazama karani, halafu mimi.

Kile kiganja nimekiona tangu tulipofika Nairobi. Kila akinitaja jina anakifungua. Nilidhani anataka nimshike mkono, nami nilikuwa namshika. Nilikuwa nafurahi hata.

Tulirudi nyumbani nikatafuta barua yako ya kwanza. Nilikuwa nimeisoma haraka, wifi, kama mtu anavyosoma barua ya kudaiwa kodi. Safari hii niliisoma taratibu. Karanga. Muda wote huu ananiita mama, na muda wote huu anasubiri karanga yake.

Nilimpikia uji akanywa. Sikuweza kumtazama.

Fomu sikuzipeleka. Ziko kwenye mkoba wangu. Sijui nikwambie nini zaidi. Benki inataka nirudi Juba Oktoba, nyumba ileile. Niambie mko hai kwanza, mengine tutaongea.

Shangazi yake Pearl,
Zilpah


Nesitu
14 Septemba 2014

Wifi yangu Zilpah,

Pole kwa hofu niliyokutia. Tuko hai wote wawili, tuko wazima, na kifua chako natumaini hakikukusumbua zaidi kwa ajili yangu. Barua yako Apollo ameniletea leo asubuhi. Alishusha abiria wa Nesitu akaniona barabarani na beseni la chapati, akapiga kelele kama aliyeona mtu aliyezikwa. Abiria wakaanza kushuka wakidhani tairi limepasuka.

Nilinyamaza makusudi. Barua yako ya Juni ilinifikia nikiwa nimesimama ndani ya maji, na nilipofika pale pa "Fanya unavyoona, dada", nilimsomea Ronald kwa sauti. Sikupiga kelele. Nilimwuliza kama ni kweli alisema. Akasema ni kweli. Nikamwuliza kwa nini. Akaniambia, "Sikuwa na kitu cha kukatalia." Nikaona hapo hakuna haja ya kugombana, kuna haja ya kupata hicho kitu. Kesho yake nikaanza kung'oa miti ya hema. Yeye alinitazama kidogo na gongo lake, halafu akaja kushika kamba upande wa pili.

Sikutaka kukujibu nikiwa uani kwako. Ndiyo sababu. Jibu lolote ambalo ningeliandika nikiwa kati ya tangi lako na mlimau wako lingekuwa jibu la mpangaji. Tisa alijua tulipo, nilimwapisha. Msamehe, hajui kudanganya.

Sasa tuko Nesitu, nyuma ya mahali malori yanapolala. Mzee mmoja wa hapa, Lado, ametupangishia kipande cha ardhi. Pesa ya lori imekuwa mabati na mlango. Ronald aliumia kidogo kuiona inaisha hivyo, lori lilikuwa ndoto yake tangu tukiwa wachumba, lakini mguu ule hautakanyaga klachi tena na yeye mwenyewe anajua. Anaziba matairi. Anachechemea kutoka lori hadi lori na wenye malori wanamwita Daktari. Mimi nakaanga chapati. Chumba ni kimoja, ukuta ni wa udongo, tumeupiga mimi na Tisa alipokuja Jumapili, na mlango unafungwa kwa ndani. Lile turubai la hema nimelitandaza juu, chini ya mabati, kupunguza joto. Mvua ikipiga haisikiki sana. Maji ni ya kisima cha mkono, na ninayachemsha.

Sasa tuongee, kama ulivyosema.

Sikujua ulikuwa unatusikia. Nimeisoma sehemu ile mara nyingi kuliko nyingine zote. Siku nyingi alikuwa ni kuku, kweli. Jogoo wa Tisa alikuwa anaingia hemani kulala kwenye kofia ya Ronald, na Ronald anamwomba msamaha kabla ya kumtoa, "Samahani mzee, nilidhani ni kofia yangu." Basi. Ni hilo tu. Mimi nikishamaliza kucheka nilikuwa natazama dirisha lako lenye taa nikijiambia yule ana raha. Ningekuita uje umwone yule jogoo. Haikunijia akilini kwamba mtu mwenye mlango na feni anaweza kungoja kuitwa kwenye turubai. Hilo ni kosa langu na ninalichukua.

Lakini neno moja katika barua ile siwezi kuliacha lipite. Uliniandikia, utazaa wengine. Wifi, usiniambie hivyo tena. Wewe kuliko watu wote unajua kwamba mtoto mwingine si yule. Nakwambia bila hasira. Ilinichukua kuanzia Juni hadi leo kuweza kukwambia bila hasira.

Habari ya kiganja nimeisoma nimekaa chini, mgongo ukutani, wateja wananiita nawaambia chapati zimekwisha na beseni limejaa. Ni mimi niliyemfundisha. Wewe hukumwibia, na hakukosa adabu, na hakusahau. Alifanya alivyoambiwa na mama yake. Wala usidhani anakuita mama kwa ajili ya karanga peke yake. Mtoto haji mbio getini na kimkoba kwa mtu asiyempenda. Hapo bado nina wivu, nakwambia kweli. Akija huku akaanza kulia jioni akikutaka wewe, nitaona wivu mpaka meno yaume, na nitakupigia simu umwongeleshe. Akilia mpaka atapike, nitampangusa, halafu nitapiga tena kesho yake.

Kwa hiyo mlete. Unarudi Juba Oktoba, njia ni hiihii, inapita mbele ya mlango wangu. Mimi nitakuja hadi Nimule, nitakuwa upande wetu wa mpaka, kwenye kivuli cha ile ofisi ya forodha, nimevaa gauni langu la bluu ambalo analijua. Ukifika, usimwambie mimi ni nani. Usimfundishe jibu lolote njiani, wifi, nakuomba, hata la kweli. Akinijua, sawa. Asiponijua, nitapanda basi tukae kiti kimoja sote watatu, wewe ukimpakata, mpaka Nesitu. Tutamfikisha pamoja. Halafu utaingia ndani, utakunywa chai, utaona lile turubai la zamani liko juu. Ukitaka kulala, lala. Gumbo ni karibu, na jogoo tumehama naye, Tisa alimchoka.

Fomu zichome au ufungie sukari, upendavyo.

Vitu ninavyohitaji bado, tafadhali usisahau hata kimoja: lile shuka lake analolalia sasa, usilifue, lije na harufu aliyoizoea. Kadi yake ya chanjo. Kikombe anachonywea, hata kama kimepasuka. Viatu vya plastiki vilivyozidi mguu wake kidogo, huku ni matope. Chandarua cha mtoto kama kipo Umoja kwa bei nzuri. Daftari lake la nasari, nione anachora nini. Picha yako moja, wewe peke yako, ukiwa unacheka, niiweke ukutani upande wa kitanda chake. Mwiba usihangaike nao, matundu yameshatobolewa, mama nimemwandikia amekubali yaishe. Na Pearl mwenyewe.

Karanga usilete. Ziko huku, na atakula tu, bila kuulizwa kitu.

Wifi yako,
Mama Pearl